Ndoo Sita za Matope ya Kahawa

Ukiwaambia watu wa kwetu Ihanda kwamba unafuga, watakuuliza ng'ombe au nguruwe. Mimi nilifuga bakteria. Niliwafuga mwaka mmoja na miezi kadhaa kwenye ndoo sita za rangi, ndani ya stoo ya baba yangu, katikati ya magunia ya mahindi na pampu ya kupulizia dawa, na niliwapenda kuliko nilivyowapenda watu wengi. Nasema hivi wazi kwa sababu nimechoka kupewa pole na watu wasiojua wananipa pole ya nini.

Wakati huo nilikuwa fundi wa maabara kwenye shule ya sekondari. Usisikie maabara ukafikiria makubwa. Nilikuwa na shahada ya biolojia na kazi yangu ilikuwa kuosha chupa, kuhesabu hadubini mbili mbovu na kufungua mlango mkaguzi akija. Shahada niliihangaikia, baba aliuza kahawa yake ikiwa bado mtini ili nisome, halafu nikarudi kulekule nilikotoka kuja kuosha chupa. Siku moja mhadhiri aliyenifundisha chuoni alinipigia simu. Alikuwa na utafiti wa bakteria wanaotoa umeme, na alitaka mtu anayeishi karibu na mitambo ya kumenya kahawa. Alinitumia vipande vya kitambaa cha kaboni kwenye bahasha na ahadi moja: nikimpatia bakteria wanaoishi na kufanya kazi kwenye maji ya kahawa, nafasi ya kusoma shahada ya pili chini yake ni yangu.

Bakteria wenyewe si wa ajabu. Wapo kwenye tope la mtaro wowote, chini kabisa kusikofika hewa. Wakishakula wanabakiwa na chaji za umeme mwilini, na kwa kuwa hakuna hewa ya kuzipokea, lazima wazitupe mahali pengine. Huko matopeni huzitupa kwenye kutu ya chuma. Ukiwatandikia kaboni watazitupa kwenye kaboni, na ukiunga waya kutoka hapo mpaka kwenye kaboni nyingine iliyolala juu ya maji, umeme unatembea. Ni mdogo, mdogo wa kuchekesha. Lakini huku wakiutoa wanakula uchafu uliomo majini, na mimi macho yangu yalikuwa hapo.

Maana uchafu tunao. Msimu ukifika, mtambo wa kumenya kahawa wa kikundi chetu unamwaga maji yake bondeni. Yanachacha, yanakuwa makali kama siki, kijito kinanuka mpaka kwenye nguo ulizoanika, na akina mama wa bondeni wanapanda mlima na ndoo kichwani kwenda kutafuta maji ya kunywa. Sasa, bakteria wa umeme hawapendi ukali. Niliwapa maji ya kahawa mabichi mara ya kwanza, baada ya siku mbili mita ikasoma sifuri. Kazi niliyopewa, kwa lugha ya kawaida, ilikuwa kuwapata wachache watakaoyavumilia, na kuwazalisha hao.

Njia alinipa baba. Mhadhiri ana jina refu la kuiita, lakini baba alikuwa akiifanya kabla mimi sijazaliwa. Mbegu ya mahindi aliichagua mwenyewe kila mwaka: alipita shambani akitafuta mabua yaliyosimama baada ya upepo, akavuna mahindi yake manene, akayatundika na maganda yake juu ya jiko yapate moshi, na hayo hakuna aliyethubutu kuyachoma hata nyumba ikilala njaa. Aliniuliza kwa nini nisifanye hivyohivyo na wadudu wangu. Yeye aliwaita wadudu, maana kwenye Kinyiha chetu hatukupata neno lingine la kutufaa.

Basi nikafanya. Ndoo sita, kila moja na namba yake ya chaki. Chini tope, katikati kitambaa cha kaboni, juu mfuniko wenye tundu la waya. Kila baada ya siku kumi nilipima zote, nikachukua ile iliyofanya vizuri kuliko nyingine zote, nikaukwangua kwa kijiko ule utando mwekundu-kahawia uliogandamana na kitambaa, nikaupandikiza kwenye tope jipya. Na kila nikipandikiza niliongeza maji ya kahawa kidogo. Nusu kikombe. Kikombe. Waliokufa walikufa. Mara mbili nilibaki na ndoo moja tu iliyo hai, na siku hizo sikuweza kula. Msimu wa kahawa ulipoisha, baba alinijazia pipa zima la maganda na maji yake, akalifunika kwa nailoni na kulilinda kidete kama vile ndani kuna asali. Kila asubuhi aligonga mlango wa stoo na kuniuliza, "Wadudu wamekula, mama?" Aliniita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao, na mimi kwa kuwa mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo, nililipenda hilo neno.

Watu wengine walinicheka, na sitajifanya kwamba haikuniuma. Mita ya kupimia umeme niliinunua Tunduma kwa muuza vifaa wa simu, na nilipomwambia ni ya nini aliwaita wenzake waje wamwone sista anayechaji matope. Walimu wa shule walinipa jina la Bi Matope. Na ndoo zilipofikia hatua ya kuwasha taa moja ndogo nyekundu zikiunganishwa zote sita, baba aliwaita majirani waje waone. Mmoja akatazama, akasema sola ndogo ya dukani inawasha nyumba nzima, sasa hii ya nini. Baba akamjibu kwamba hii inawasha na inasafisha maji. Nilitaka kumkumbatia mzee wa watu mbele yao wote.

Shangazi hakucheka. Shangazi alikasirika. Huyu ni dada yake baba, mjane, nyumba yake inapakana na yetu, na ndiye aliyenilea baada ya mama. Ni mwanamke ambaye sufuria zake unaweza kujitazama ukichana nywele. Ile harufu ya stoo ilimkosesha raha. Alisema tunamfedhehesha, kwamba mgeni akiingia uani atafikiri hatuna choo. Alitishia mara tatu kuzimwaga. Mara ya tatu baba alimkemea, tena mbele yangu: atakayegusa ndoo za mtoto atajibizana na yeye. Shangazi alisusa wiki mbili, lakini hakuzigusa.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na niliandike hapa lisipotee. Mtu mwenye akili anayefuga kitu kama hicho huweka akiba mahali pengine. Shuleni kulikuwa na friji ya maabara. Niliomba sehemu ya chupa mbili tu. Friji ilikuwa imejaa soda za wageni wa mahafali, nikaambiwa nisubiri mahafali yapite. Yakapita, zikaingia soda za kikao cha bodi. Sikugombana na mtu. Nilisema nitaomba tena, na sikuomba tena.

Kizazi cha mwisho nilichopandikiza kiliishi kwenye maji ya kahawa matupu. Sikuyapunguza ukali kwa maji ya mvua hata tone. Ndoo ya tatu ndiyo iliyokuwa na nguvu kuliko zote. Niliipima wiki tatu mfululizo, haikuyumba. Nilimpigia mhadhiri. Akasema nisiiguse, nisiisogeze, atakuja mwenyewe Jumatatu na kisanduku cha barafu, na fomu za chuo atakuja nazo mkononi. Ilikuwa Jumanne. Nikahesabu siku kama mtu anayengoja kuposwa.

Alhamisi asubuhi baba alianguka shambani. Presha. Tulimpakia kwenye bajaji kumkimbiza hospitali, shangazi amemshika kichwa, mimi miguu, na kabla ya saa sita mchana tulikuwa tunarudi bila yeye, kuandaa msiba wake.

Kwetu msiba unapoingia, nyumba inaacha kuwa yako. Hili si jambo baya, nalieleza tu. Akina mama wa jumuiya ya kanisa wanafika, wanatoa makochi nje, wanatandika magodoro, wanafungua kila mlango, wanatafuta kila chombo kinachoweza kubeba maji. Mfiwa haulizwi kitu wala haguswi na kazi. Anakalishwa kwenye godoro, anafunikwa kitenge, analishwa uji. Mimi nilikuwa mtoto pekee. Nilikalishwa katikati ya sebule, wake za wazee wa kanisa kulia na kushoto kwangu, na kila aliyeingia alipiga magoti akanikamata mkono.

Shangazi naye alikuwa mfiwa. Mahali pake palikuwa pembeni yangu. Hakutulia. Alikaa robo saa, akainuka, akajifunga kitenge kiunoni akaenda uani. Wakubwa wakanung'unika kwamba dada wa marehemu haonekani kwenye godoro, anapika. Hakuwasikiliza. Yeye uchungu unamtoka kwa mikono, ndivyo alivyo.

Siku ya Ijumaa ndugu wakaanza kufika, wa Tunduma na wa ng'ambo upande wa Zambia, malori mawili. Mahali pa kulala hapakutosha, vyombo havikutosha. Nilisikia mtu akisema stoo ifunguliwe. Nilisikia magunia yakiburutwa. Najua sauti ya mlango ule, najua rafu ya ndoo zangu iko hatua ngapi kutoka mlangoni, kwa hiyo nilijua kabisa mikono yao imefika wapi. Nilijiambia shangazi yuko kule, shangazi alikatazwa, atawazuia.

Halafu shangazi akatokea mlangoni mwa sebule akiwa ameishika ndoo ya tatu.

Mfuniko ulikuwa umefunguka, waya zinaning'inia. Harufu ikaingia yote kwa mara moja. Mke wa mzee wa kanisa aliyekuwa kulia kwangu akajiziba pua kwa kitenge, na aliyekuwa kushoto akanong'ona kama kuna kitu kimeoza mle ndani. Shangazi alisimama tu. Watu kama ishirini walikuwa wakimtazama. Macho yetu yakakutana.

Nikainamisha kichwa.

Akageuka akatoka. Muda kidogo nikasikia tope likimwagwa chooni, likishuka kwa ule mlio wake mzito, kisha majivu yakisugua ndani ya ndoo, kisha sabuni, kisha maji ya moto kutoka kwenye masufuria. Nilihesabu mpaka sita. Kila moja nilijiambia hii inayofuata nitainuka. Nilikuwa nimekaa, miguu yangu mizima, mlango uko wazi. Waliimba wimbo wa faraja na mimi niliuimba.

Tulimzika Jumamosi. Kaburini sikulia, na najua watu waliliona. Tuliporudi, ndoo zangu zilikuwa zimepangwa kwenye geti, zimejaa maji ya kunawa mikono, nyeupe kuliko nilivyozinunua, namba za chaki hazipo. Vile vitambaa vya kaboni vilikuwa vimefuliwa na kuanikwa uani, vimenyooshwa vizuri, vinapeperuka katikati ya kanga. Mtu alikuwa amejitahidi sana kuutoa ule utando. Haukubaki hata wa kukwangua kwa ukucha.

Hapo ndipo nililia. Nililia nikaanguka chini, nikapiga kelele ambazo sikujua ninazo. Akina mama walinikimbilia, wakanishika, wakasema afadhali, mwacheni, alikuwa amebana tangu juzi, lia mwanangu, baba ni baba. Nililia ndoo za matope, nikabembelezwa kwa ajili ya baba yangu. Hakuna mtu duniani aliyewahi kunifanya nijichukie kama wale akina mama na upole wao.

Jumatatu mhadhiri alifika, kisanduku cha barafu kwenye buti la gari, suti nyeusi mwilini. Alitoa pole, alisaini daftari la rambirambi, alikaa na wazee kadiri ya heshima. Kisha akaniomba tuone stoo. Nilimwonyesha rafu tupu. Akauliza ilikuwaje, na mimi nikajibu haraka, kama mtu aliyelikariri jibu njiani, kwamba akina mama waliosha vyombo bila kuniuliza. Nikamtaja na shangazi. Akatikisa kichwa, akasema ndiyo tatizo la kufanya sayansi vijijini, watu wetu bado sana. Nikasema ndiyo, bado sana. Fomu hakuzitoa kwenye mkoba. Aliniambia nikiwapata tena nimpigie.

Nilijaribu. Nilichota tope kwenye mtaro uleule, nikanunua ndoo nyingine, nikaanza na nusu kikombe. Wakawa bakteria wa kawaida, wale wa siku ya kwanza, wanaokufa wakionja ukali. Ningeweza kuwachagua upya, kizazi kwa kizazi. Njia niliijua. Lakini asubuhi nilifungua stoo na hakuna aliyegonga kuniuliza kama wamekula, na baada ya miezi miwili nikaacha. Nafasi ya chuo ilichukuliwa na mtu mwingine. Sikumwuliza mhadhiri ni nani.

Shangazi sasa. Nilimhamishia lawama yote. Sikugombana naye, ningegombana ingekuwa nafuu. Nilimwamkia nikiwa mlangoni, chakula alichonipelekea nilikirudisha na sahani yake ikiwa haijaguswa, nikisafiri sikumuaga. Na shuleni nililisimulia lile jambo. Kwanza nililisimulia kwa uchungu, baadaye nikagundua walimu wanacheka, basi nikaanza kulisimulia vizuri zaidi, na mikono, jinsi shangazi yangu alivyosugua bakteria kwa majivu. Likawa jambo la kuchekesha wageni. Nilimuuza mwanamke aliyenilea ili walimu wapate kicheko cha saa nne wakinywa chai.

Lilimfikia, lazima lingemfikia. Jumapili moja baada ya ibada alikuja moja kwa moja, bado amevaa kitenge cha kwaya, akakaa jikoni kwangu bila kukaribishwa. Nilimwandalia chai kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi. Alisema mke wa mwalimu amemuuliza kanisani, mbele za watu, kama ni kweli alimwaga elimu ya mtoto wa marehemu. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Unawaambia watu sikukuuliza," alisema.

Nikamsogezea sukari.

"Nilikuja na ndoo mpaka mlangoni. Wale wanawake walitaka kumwagia kulekule stoo, nikawaambia ngojeni. Nikaja nikasimama mbele yako. Kaka yangu alinikataza kuigusa ile ndoo, na mimi nilikuwa namwogopa hata akiwa ndani ya jeneza. Ungetikisa kichwa tu, mwanangu. Ningeirudisha, na wageni wangelala nje."

Nilimwambia kwamba nilikuwa mfiwa. Kwamba mfiwa haondoki kwenye godoro, kila mtu anajua, watu wangenionaje ningeinuka kupigania matope wakati baba yangu amelala.

"Mimi niliinuka," alisema. "Nilikuwa namzika ndugu yangu wa tumbo moja, na niliinuka. Walisema weee, wakachoka."

Aliinywa chai yake taratibu, akaniuliza kama mahindi ya baba yameshapukuchuliwa, nikasema bado. Mbegu zake zilikuwa bado juu ya jiko, hakuna aliyezishusha. Alisema atakuja wiki hiyo tusaidiane. Mimi nilikuwa na jambo moja tu la kumwambia, lilikuwa mdomoni, fupi. Kwamba mila haikuniweka pale chini. Mke wa mzee wa kanisa alipojiziba pua, niliona haya. Niliyaonea haya yale matope ambayo baba yangu aliwaita majirani waje kuyaona. Shangazi alisimama, akajifunga kitenge chake vizuri, akaniaga. Nilimsindikiza mpaka getini na sikumwambia.